Mazembe: kocha mpya Lubumbashi, wafungaji Dar es Salaam

KAMINA, Haut-Lomami – Mazembe ikipigwa, hapa Kamina swali ni moja: kocha anaondoka lini? Utalisikia stesheni ya treni, utalisikia sokoni na kwa vijana wa pikipiki, na kila mtu ana jibu lake kabla ya treni ya Lubumbashi kufika. Mara nyingi wakubwa wa klabu nao wanajibu vilevile: huyu anaondolewa, analetwa mwingine.

Msimu wa 2022-2023 unafaa kuangaliwa tena kwa utulivu, sasa hasira zimepoa. Ni msimu ambao TP Mazembe ilibadilisha kocha katikati ya safari na bado ikamaliza wa mwisho katika kundi lake la Kombe la Shirikisho la Afrika. Mechi sita, ushindi mmoja, vipigo vitano, pointi tatu. Kwa klabu iliyochukua ubingwa wa Afrika mara tano, ni hesabu ngumu kumeza.

Kamina iko mbali na kiwanja cha Kamalondo. Ni mji wa njia panda ya reli: njia ya kutoka Lubumbashi inafika hapa, halafu tawi moja linashika Kananga mpaka Ilebo, lingine linashika Kabalo mpaka Kalemie. Lakini mapenzi ya Mazembe hayakuwahi kuwa ya Lubumbashi peke yake. Mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa majimbo manne, Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami, na kila jimbo likapata gavana wake na bunge lake. Kunguru hawakugawanywa. Kolwezi, Kalemie, Kamina na Lubumbashi, wote wakabaki na ekipe ileile. Na mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Novemba, Mazembe iliifunga USM Alger ya Algeria na kuchukua Ligi ya Mabingwa kwa mara ya mwisho mpaka leo. Mtu anayependa kutafuta mikosi anaweza kusema lake juu ya tarehe hizo mbili. Sisi tunaendelea na mpira.

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, ikiitwa Saint-Georges. Ikiwa na jina la Englebert ilichukua Kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Moïse Katumbi alishika urais wake mwaka 1997, na ubingwa ukarudi mwaka 2009 na 2010. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliitoa Pachuca ya Mexico, ikaipiga Internacional ya Brazil magoli 2-0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan ya Samuel Eto'o ilishinda 3-0, lakini nani anakumbuka hiyo 3-0 kuliko Robert Kidiaba anavyorukaruka chini kwa makalio? Katikati ya kiwanja siku ile alikuwepo Pamphile Mihayo. Tushike jina hilo, tutalikuta mbele.

Turudi 2022. Kocha alikuwa Mfaransa Franck Dumas, aliyewahi kuifundisha Caen ya Ufaransa. Alifika Lubumbashi mwaka 2021, na mwaka wake wa kwanza haukuwa mbaya: Mazembe ilichukua ubingwa wa Linafoot na kufika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Huko ilitolewa na RS Berkane ya Morocco, 1-0 Lubumbashi, halafu 1-4 kule kwao. Kocha wa Berkane alikuwa Mkongomani, Florent Ibengé. Jina hilo nalo tulishike.

Oktoba 2022 mambo yalianza kuharibika. Katika kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, Mazembe ilipangwa na Vipers ya Uganda, ekipe ambayo wapenzi wengi wa hapa hawakuwa wanaijua hata jina. Kampala 0-0. Lubumbashi 0-0. Kwenye penalti, mbele ya watu wake, Mazembe ikatoka. Kocha wa Vipers, Mbrazili Robertinho, hakukaa Uganda miezi mingi baada ya hapo. Simba ya Dar es Salaam ilimchukua Januari 2023. Ekipe kubwa za Tanzania zilikuwa zinaangalia soko, zikaona mtu, zikamnunua.

Mazembe ikaangukia Kombe la Shirikisho, na katika kundi D ikakuta Young Africans ya Tanzania, US Monastir ya Tunisia na Real Bamako ya Mali. Mechi ya kwanza, Lubumbashi, Real Bamako alipigwa 3-1. Watu wakapumua. Kumbe hizo ndizo pointi za mwisho.

Tarehe 19 Februari 2023, Dar es Salaam, Yanga 3, Mazembe 1. Dakika za mwanzo tu Kennedy Musonda na Mudathir Yahya walikuwa wameshafunga. Alex Ngonga akarudisha moja mwishoni, na wakati Mazembe inatafuta la pili, Yanga ikafunga la tatu. Mfungaji: Tuisila Kisinda, Mkongomani aliyepita AS Vita Club ya Kinshasa. Kisha Monastir ikaipiga Mazembe nyumbani na ugenini, na Bamako nayo ikalipiza. Kabla makundi hayajaisha Dumas alikuwa ameshaondoka, na kiti chake kikapewa Pamphile Mihayo, yule wa Abu Dhabi.

Hapa ndipo kila mtu wa Kamina anajua hadithi, sababu ilishapita mara moja. Mwanzoni mwa 2017 klabu ilikuwa na Mfaransa mwingine, Thierry Froger. CAPS United ya Zimbabwe ikaitoa Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa, Froger akaenda zake, Mihayo akashika ekipe na mwisho wa mwaka akachukua Kombe la Shirikisho mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Kwa hiyo mwaka 2023 wengi walingoja dawa ileile ifanye kazi: mtoto wa nyumbani, anayejua jezi, anayejua lugha ya wachezaji. Dawa haikufanya kazi. Tarehe 2 Aprili 2023, Lubumbashi, Farid Mussa alifunga goli moja na Yanga ikashinda 1-0. Msimamo wa mwisho: Yanga pointi 13, Monastir 13, Real Bamako 5, Mazembe 3.

Kulinganisha miaka hiyo miwili kunaonyesha kitu. Mihayo wa 2017 alipokea ekipe yenye watu waliozoea kushinda Afrika. Wengi walikuwa na medali za 2015 na 2016. Mihayo wa 2023 alipokea nini? Swali hilo linaulizwa kidogo sana, na kwa mawazo yetu ndilo la kwanza.

Tuangalie upande wa pili wa kiwanja. Yanga iliyoipiga Mazembe mara mbili ilikuwa na Djuma Shabani upande wa kulia wa ulinzi, Joyce Lomalisa upande wa kushoto, Yannick Bangala katikati, Jesus Moloko na Kisinda pembeni, na mbele Fiston Mayele. Wote ni Wakongomani, wote waliwahi kuvaa jezi ya AS Vita Club. Yaani nusu ya ekipe ya kigeni iliongea Lingala kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mayele alimaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora, magoli 7. Yanga ikafika fainali na USM Alger: ilipigwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Goli la Yanga la Dar es Salaam lilifungwa na Mayele. Lile la Algiers lilifungwa na Djuma Shabani kwa penalti. Fainali ya Afrika, magoli mawili ya klabu ya Tanzania, wafungaji wawili wa Kongo.

Kuna jambo lingine linalouma zaidi. Jean Baleke alikuwa mshambuliaji wa Mazembe. Januari 2023, wakati ekipe inajitayarisha kwa makundi, klabu ilimkopesha Simba. Tarehe 18 Machi 2023 Simba iliipiga Horoya ya Guinea 7-0 katika Ligi ya Mabingwa, na mawili kati ya hayo alifunga Baleke. Siku hizohizo Mazembe ilikuwa inatafuta mtu wa kusukuma mpira wavuni. Kocha gani angejibu hilo kwa mbinu ubaoni?

Wenye umri kidogo wanakumbuka kwamba njia hii zamani ilipita upande mwingine. Mwaka 2011 Mazembe ilicheza na Simba, ikashinda 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar es Salaam. Simba walilalamika juu ya Janvier Besala Bokungu, na CAF ikaitoa Mazembe kwenye mashindano kwa kumchezesha bila haki. Lakini Katumbi alikuwa ameshaona kitu katika mechi hizo: kijana mrefu wa Simba aitwaye Mbwana Samatta. Akamnunua. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, akaja naye Lubumbashi. Miaka minne baadaye Samatta alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya 2015, na Januari 2016 akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani, kabla ya kwenda Genk ya Ubelgiji. Wakati ule kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kupanda alipanda kwa kupita Katanga. Mwaka 2016 Mazembe iliikuta Yanga katika kundi la Kombe la Shirikisho, ikaishinda 1-0 Dar es Salaam na 3-1 Lubumbashi, na hakuna aliyeshangaa.

Miaka saba baadaye matokeo ni yaleyale, 3-1 na 1-0. Majina tu yamebadilishana nafasi.

Ni nini kilitokea katikati? Pesa kwanza, lakini siyo pesa za bahati. Mwaka 2021 shirikisho la mpira la Tanzania lilisaini na Azam mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi kwenye televizio, shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Nyuma ya Yanga kuna kampuni ya GSM, nyuma ya Simba kuna Mohammed Dewji. Mchezaji wa Kinshasa, Kindu au Lubumbashi anayekwenda kule anajua ligi itaanza Agosti na kwisha Mei au Juni, mechi zitaonekana, mshahara una pahali unapotoka. Kwetu, msimu ule wa 2022-2023 Linafoot yenyewe haikufika mwisho. Ekipe zinasafiri kwa ndege kwa sababu barabara hazipo, ndege zinagharimu, pesa za safari zinakosekana, shampiona inasimama, inaanza tena, inasimama. Mtu anayengoja treni Kamina anaelewa vizuri ratiba ya namna hiyo. Mchezaji asiyecheza wiki tatu anapelekwa kukutana na mtu anayecheza kila siku ya tatu, halafu tunasema kocha hakumtayarisha.

Pili, Mazembe inasimama juu ya mtu mmoja. Hilo lilikuwa nguvu yake kubwa: Katumbi alilipa, Katumbi alijenga kiwanja kilichofunguliwa mwaka 2011, Katumbi alinunua ndege na wachezaji. Lakini mtu huyo pia ni mwanasiasa, alitoka nchini mwaka 2016, akarudi 2019, akagombea urais wa nchi Desemba 2023. Miaka hiyo klabu ilizidi kutegemea vijana wa akademia yake kuliko kununua wakubwa. Kulea vijana ni kazi njema. Ila kijana wa miaka 19 anahitaji mkubwa wa miaka 28 pembeni yake, na mkubwa huyo yuko Dar es Salaam, Casablanca au Cairo.

Wamarekani wana namna yao ya kushughulikia ekipe inayopoteza, na inafaa kuijua hata kama mchezo wao wa mpira wa mikono na kofia ngumu hatuuelewi sana. Huko hakuna kushuka daraja. Ekipe iliyomaliza ya mwisho ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana bora wanaotoka vyuo vikuu. Tuchukue Carolina Panthers, ekipe ambayo mzaliwa wa Kinshasa, Tim Biakabutuka, aliichezea tangu 1996 mpaka 2001. Msimu wa 2023 ilileta kocha mpya, Frank Reich. Akafukuzwa baada ya mechi 11, akiwa ameshinda moja tu, na ekipe ikamaliza na ushindi 2 katika mechi 17. Nafasi yake ya kwanza ya kuchagua ilikwenda Chicago Bears, sababu Panthers walikuwa wameshaiuza mwaka mmoja kabla ili wampate kijana Bryce Young. Hata huko wanajua kujichimbia shimo! Lakini kanuni iko palepale: dhaifu anachagua kwanza. Kwetu kanuni imegeuzwa. Ekipe inayopoteza ndiyo inayochaguliwa wachezaji wake kwanza.

Kuna watakaosema Mazembe ilijirekebisha, na ni kweli, kwa muda. Mwaka 2023 Msenegali Lamine N'Diaye alirudi kwenye benchi, yuleyule aliyekuwa na ekipe Abu Dhabi mwaka 2010. Msimu wa 2023-2024 ulikuwa mzuri: Mamelodi Sundowns ilipigwa 1-0 Lubumbashi, Petro de Luanda ilitolewa robo fainali, na Mazembe ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ikashikilia Al Ahly 0-0 nyumbani kabla ya kupigwa 3-0 Cairo. Ubingwa wa Kongo nao ukarudi, wa ishirini. Kamina ikaacha kuuliza habari za kocha.

Halafu ukaja msimu wa 2024-2025, ulioanza mikononi mwa N'Diaye huyohuyo. Kundi la Ligi ya Mabingwa: Al Hilal ya Sudan, MC Alger, na, ndiyo, Yanga tena. Tarehe 14 Desemba 2024 Mazembe iliongoza 1-0 Lubumbashi mpaka dakika za nyongeza, Prince Dube akasawazisha. Tarehe 4 Januari 2025 Dar es Salaam, Yanga 3, Mazembe 1, kwa mara nyingine. Safari hii ndani ya Yanga walikuwemo Maxi Nzengeli, aliyetoka Maniema Union ya Kindu, na Chadrack Boka, aliyetoka Lupopo, jirani wa Mazembe palepale Lubumbashi. Mwisho wa kundi Mazembe ilikuwa ya nne kati ya nne, pointi 5. Kocha aliyeifikisha nusu fainali mwezi wa Aprili ndiye aliyeanza nayo safari ya kuishia mkiani mwezi wa Januari. Kama kocha ndiye sababu ya yote, basi ni lazima tuseme N'Diaye alisahau kazi yake ndani ya miezi tisa.

Aliyeongoza kundi lile ni Al Hilal. Ni klabu iliyokuwa haina nyumba; vita vya Sudan viliifukuza Omdurman, mechi zake za nyumbani ikazicheza Mauritania. Ilimaliza na pointi 10. Kocha wake alikuwa Florent Ibengé.

Mazembe iliipiga Al Hilal hiyo 4-0 siku ya mwisho, Lubumbashi, tarehe 18 Januari 2025. Ushindi mkubwa kuliko wote wa kundi, na haukubadilisha kitu, sababu nafasi zilikuwa zimeshakwenda. Hapa Kamina siku ile wengi walishangilia, halafu wakarudi kwenye swali lao la kocha.

Miezi minne na nusu baadaye, tarehe 1 Juni 2025, Pyramids ya Misri iliifunga Mamelodi Sundowns 2-1 Cairo na kuchukua Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza, kombe ambalo Mazembe haijaligusa tangu 2015. Goli la kwanza la Pyramids siku hiyo lilifungwa na mchezaji waliyemnunua kutoka Yanga mwaka 2023, Fiston Mayele.